Nafasi ya Otilia

Harufu ya naftalini, vile vidonge vya kufukuza nondo kabatini, hunikamata popote nilipo. Wiki chache zilizopita niliingia duka la mashuka, muuzaji akafungua kabati la nyuma, na kabla hajanionyesha chochote nikawa nimeshika ukingo wa meza. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni hewa tu ya humu ndani. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba dakika ile nilikuwa na umri wa miaka kumi, nyumbani kwetu milimani Mbinga, nimesimama mbele ya makoti mawili yaliyotundikwa ukutani: moja kubwa la mama, na moja dogo la bluu ambalo halikununuliwa kwa ajili yangu.

Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Tulitoka kwenye foleni za sabuni na sukari tukaingia ghafla kwenye maduka yaliyojaa. Mbinga mjini kukazuka mnada wa mitumba, marobota yakifunguliwa juu ya maturubai na watu wakiyavamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda kwa pikapu hadi kijijini kwetu, wakisimama kando ya barabara na mizani yao. Baba, ambaye maisha yake yote aliuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, aliwatazama kama mtu aliyeletewa posa na mgeni asiyejulikana ukoo wake. Mambo ambayo hayakuwahi kuwezekana yalianza kuonekana yanawezekana. Labda ndiyo maana barua ya Sista Alfonsa ilipofika, hakuna aliyeicheka.

Sista Alfonsa alikuwa mtawa kutoka Uswisi. Kwa miaka mingi alisimamia karakana ya ushonaji pale misheni, na mama alikuwa fundi wake wa kwanza. Mama alikuwa Mnyasa wa kule ziwani, upande wa Liuli, aliyeolewa huku juu kwa Wamatengo na kuishi akiilalamikia baridi yetu mpaka uzee wake. Sista alimpenda mama, lakini aliyempenda kuliko wote ni dada yangu Otilia. Otilia alipooza mguu wa kulia akiwa na miaka mitatu. Sista ndiye aliyemtafutia kiatu chenye vyuma viwili vinavyopanda hadi gotini, akamfunga khanga kiunoni, akawa anamshikilia kwa nyuma kati ya mabenchi ya kanisa, mwezi baada ya mwezi, mpaka siku alipoiachia khanga bila kumwambia. Alipozeeka, shirika lake likamrudisha kwao. Siku ya kuondoka alimkumbatia Otilia kwa muda mrefu kuliko alivyomkumbatia mtu yeyote. Mimi alinipa pipi.

Barua ilikuja wakati wa kuvuna kahawa, uani kukinuka maganda yaliyochachuka. Mama aliisoma kwa sauti, amesimama mlangoni. Sista aliandika Kiswahili chake kilekile kifupi kifupi. Alisema kaka yake ana nyumba ya wageni katika kijiji chao, juu kabisa milimani. Waumini wa parokia yao wametoa tiketi mbili. Mama Otilia aje mwezi wa Desemba, wiki tatu, apumzike, aje na mtoto mmoja. Mwishoni akaandika: "Kijiji chetu hakina magari. Yamekatazwa. Watu wanatembea tu. Ni kimya sana, mtapenda."

"Yamekatazwa na nani?" baba aliuliza.

"Na wanakijiji wenyewe."

"Barabara hawana?"

"Hawataki."

Baba alitikisa kichwa polepole. "Sisi tunaililia barabara mpaka machozi yanakauka, wenzetu wanaifukuza."

Ndani ya bahasha kulikuwa na picha. Nyumba za mbao, nyeusi kwa uzee, zimekaa mteremkoni kama zetu, na juu ya kila paa kuna kitu cheupe, kinene. Mimi nilijua ni nini. Kwa bibi ziwani watu huanika muhogo juu ya mawe mpaka mawe yote yanakuwa meupe, basi nikaona hawa nao wameanika wao juu ya paa kwa sababu hawana mawe. Nilimhurumia Sista. Vijiji visivyofika gari nilivijua, na nilijua watu wake wanavyoishi: njia ya mguu mmoja, daraja la gogo, mgonjwa anabebwa. Kumbe Sista alikuwa ametoka kwenye umaskini wote huo, na hakuwahi kutuambia.

Maneno "mtoto mmoja" yalikaa kichwani mwangu kuliko ile picha. Kila mtu pale nyumbani alijua mtoto huyo ni nani, na hakuna aliyeona haja ya kumtaja. Mimi nilisikia tu kilichoandikwa. Tulikuwa watoto wawili.

Likizo lilikuwa neno la walimu na wanafunzi. Sisi wakulima tulisafiri kwa msiba, kwa ugonjwa, au kwa harusi. Kwenda mahali kukaa tu na kurudi, hilo lilitaka kujifunza, na aliyetufundisha ni Otilia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwandiko mzuri, na muda mwingi wa kukaa. Alichukua daftari jipya, akaligawa kurasa, kila siku ya wiki tatu ukurasa wake. Siku ya kwanza: kulala. Siku ya pili: kuona ng'ombe wanaovaa kengele kubwa kama vyungu, ambao Sista aliwahi kutusimulia. Siku ya tatu: kumwomba kaka yake Sista atuonyeshe jibini linavyotengenezwa. Baada ya chakula cha jioni alilifungua mezani, na mama, baba na mimi tulijadili mambo ya mlima ambao hatujauona kana kwamba tunapanga kupanda maharage.

"Wewe unachotaka zaidi ni nini?" mama alimuuliza siku moja.

Otilia hakufikiri. "Kutembea katikati ya barabara."

Sote tulijua sababu. Tangu pikapu zianze kupanda kwetu, Otilia alikuwa amepigiwa honi mara nyingi kuliko mtu yeyote kijijini. Hakuweza kuruka pembeni haraka. Madereva walichomoa vichwa dirishani wakamwambia maneno, na mara moja alijitupa mtaroni, akarudi nyumbani na vyuma vimejaa matope.

"Kule hakuna wa kunipigia honi," alisema. "Wote watakuwa wanatembea, kama mimi."

Makoti yalinunuliwa mnadani Mbinga, siku ya mvua nyepesi. Mama aliyachambua marobota kwa jicho la fundi, akigeuza mishono, akinusa makwapa. Lile la bluu alilipata chini kabisa, zito, lenye vifungo vya mbao. Alilipima kwa kumbukumbu, kwa shibiri, maana Otilia alikuwa nyumbani.

"Hili limetoka Ulaya," baba alisema, akilibeba begani. "Sasa linarudishwa kwao. Litashangaa."

Yote mawili yalinuka naftalini kiasi kwamba yalitundikwa sebuleni kwa wiki nzima na mlango wazi. Nilikuwa nikilivaa lile la bluu nikiwa peke yangu. Mikono yake ilinizidi vidole. Niliingiza mikono mifukoni na kutembea huku na huku, nikisema kwa sauti ndogo, "Habari za asubuhi, Sista."

Kabla ya mvua kubwa mama alishuka ziwani kumuaga bibi na kununua dagaa wetu, usipa, wa kumpelekea Sista. Alinichukua mimi, kwa kuwa Otilia lori lilimsumbua. Kwa bibi unashukia barabarani, halafu unafuata njia ya miguu ukingoni mwa ziwa mpaka jua linakuchoka. Tulimkuta akigeuza usipa juu ya mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia mnakwenda Ulaya. Nani amefariki huko?"

"Hakuna aliyefariki. Tunakwenda kupumzika."

"Mmechoka nini?"

Mama alicheka, akakaa chini na kuanza kumsaidia kugeuza. Alimweleza habari za tiketi, za mlima, za kijiji kisicho na magari. Bibi alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Unakwenda na yupi?"

"Otilia."

"Mahali pasipo gari mimi napajua," bibi alisema. "Nakaa hapo. Mke wa mjomba wako aliposhikwa uchungu tulimpeleka hospitali kwa machela, wanaume wanane wakipokezana, na bado tulichelewa. Sasa wewe uko ugenini, mlimani, peke yako. Mguu wa mtoto ukikataa njiani, utambeba na nani?"

Mama aliendelea kugeuza samaki wale wadogo mmoja mmoja, hata waliokwisha kugeuzwa. Na mimi, niliyekuwa nimekaa pembeni nikila kande, nilihisi kitu kikifunguka kifuani mwangu, kidogo, kama mlango uliosukumwa na upepo.

Tuliporudi nilimweleza Otilia maneno ya bibi yote. Hakuna aliyenituma. Nadhani nilitaka akate tamaa mwenyewe, nisilazimike kufanya lolote. Alinisikiliza, akaukunjua mguu wake juu ya stuli, akautazama.

"Mlima wao una urefu gani?"

"Sijui. Kama wa hapa kanisani, labda zaidi."

"Basi tuanze na wa hapa kanisani," alisema.

Kutoka kijitoni hadi kanisani ni mteremko ambao mtu mzima anaumaliza kwa robo saa. Jumapili zote Otilia aliupanda akiwa amekaa kwenye kerea ya baiskeli ya baba, baba akisukuma. Sasa kila siku baada ya shule tulishuka mpaka kijitoni, mimi na yeye, na kuanza kupanda. Siku ya kwanza alikaa chini mara tatu. Pale kwenye jiwe kubwa, nusu ya njia, alilia, kwa sababu chuma kilikuwa kimemchubua chini ya goti na jasho liliingia kwenye kidonda. Nilimwambia turudi. Alifunga kitambaa, akasema tutarudi kesho.

Zilipita wiki tatu. Alijifunza kupanda kwa ubavu, mguu mzima ukitangulia, fimbo ikifuata. Alijifunza kutosema chochote njiani ili asipoteze pumzi. Kutoka kukaa mara tatu ikawa mara mbili, ikawa mara moja pale kwenye jiwe. Ijumaa ya mwisho alilipita jiwe bila hata kulitazama. Nilitembea nyuma yake, nikiutazama mgongo wake uliolowa, nikaona kanisa linakuja na yeye hasimami. Alipofika aliweka kiganja chake kwenye ukuta wa kanisa, akabaki hivyo, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akageuka. Alikuwa anacheka bila sauti.

"Usimwambie mama," alisema. "Jumapili nataka atangulie yeye. Halafu ageuke anione niko nyuma yake."

Nikamwahidi.

Kesho yake, Jumamosi, mama aliniita. Jumatatu baba alikuwa aende Songea, kwenye ofisi ya uhamiaji, ili jina la mtoto liandikwe kwenye hati ya kusafiria ya mama. Baada ya hapo kusingekuwa na kubadilisha. Mama alikuwa kwenye cherehani, dirisha liko wazi, anashona shati la shule. Hakuacha kushona.

"Koleta, wewe ndiye unayekwenda naye kule mlimani. Mimi naogopa kumuuliza mwenyewe, ataniambia anaweza hata kama hawezi. Niambie kweli tupu. Anafika kanisani?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichokuwa nawaza dakika ile, nikitafuta ndani yake kitu cha kunitetea. Kipo kidogo. Niliamini kabisa kwamba kule tuendako hakuna njia isipokuwa ya miguu, na nilimwona Otilia amekaa juu ya jiwe katikati ya muhogo mweupe, mama akimlilia. Na ahadi nilikuwa nimeitoa, nisiseme. Lakini koti la bluu nalo lilikuwa limetundikwa ukutani, nyuma ya kichwa cha mama.

"Hafiki, mama."

Cherehani ikasimama. "Anafika wapi?"

"Pale kwenye jiwe. Anakaa chini." Ningeweza kuishia hapo. "Analia," nikasema. "Chuma kinamkata."

Sikutunga hata neno moja. Niliichukua siku ya kwanza tu, nikaiweka mahali pa siku ya mwisho.

Mama alijipangusa uso kwa shati lile la shule. "Haya, mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Nenda kacheze." Nilitoka mbio mpaka kwenye migomba. Mtoto anayemhurumia dada yake hakimbii namna ile.

Jioni tulikula ugali na maharage. Mama alisubiri mpaka sote tumenawa.

"Otilia mwanangu, nimefikiri sana. Safari hii ni nzito kwako. Ningekuwa na baba yako, sawa, lakini nitakuwa peke yangu, na kule hakuna gari la kutuokoa."

Otilia hakumtazama mama. Alinitazama mimi. Nilikuwa na punje moja ya haragwe iliyobaki kwenye bakuli, nikaikazia macho mpaka ikawa mbili.

"Sawa, mama," alisema. "Aende Koleta."

"Hujakasirika?"

"Sijakasirika."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeombwa kusogea kidogo kwenye benchi. Nami, kwa akili yangu ya miaka kumi, nikaona amefurahi. Nilijiambia kwamba kumbe alikuwa anaogopa safari, na nimemsaidia kuiepuka. Maelezo hayo yalinitosha kwa miaka mingi.

Jumapili baba alitoa baiskeli. Nilidhani atakataa, atasema leo napanda mwenyewe, na uongo wangu utaanguka mbele ya watu wote. Nilikaa tayari kwa hilo. Otilia alikaa kwenye kerea, akapanga mguu wake, akashika tandiko, na baba akasukuma mpaka juu. Hakuna aliyegeuka nyuma kuona chochote.

Wiki zilizobaki alinisaidia kujiandaa. Ndiye aliyekunja mikono ya lile koti na kuishona kwa mkono, mishono midogo sawasawa, ili vidole vyangu vionekane. Akanipa na daftari. "Usiruke siku," aliniagiza. "Weka alama kwenye kila kitu mlichokifanya, nitakagua."

Nitaziacha habari za ndege, na za baridi iliyotupiga mlangoni kama kofi. Kitu ninachokikumbuka vizuri ni treni. Tulipofika bondeni, mwisho wa barabara, ambapo magari yote yaliachwa yamepangwa safu, tulipandishwa kwenye treni ndogo nyekundu yenye viti vya mbao. Ilianza kupanda mlima. Ilipanda na kupanda, tumekaa, madirisha yamejaa theluji, na kila tulipozidi kwenda juu bila kutembea hatua moja, mikono yangu ilizidi kuwa baridi ndani ya mifuko.

Stesheni ya kijijini ilikuwa ndogo kama ofisi ya kijiji chetu. Sista Alfonsa alisimama pale na fimbo, amevaa koti jeusi juu ya nguo zake za utawa. Nyuma yake mzee mmoja, kaka yake, alishika farasi wa kahawia aliyefungwa kwenye kigari kisicho na magurudumu, cha kuteleza juu ya theluji. Ndani ya kigari walikuwa wametandika ngozi ya kondoo, na mbele ya kiti kulikuwa na mto umewekwa juu ya kisanduku, pale ambapo mtu angenyoosha mguu.

Alimkumbatia mama. Akanishika kichwa. Kisha akatazama nyuma yetu, kwenye mlango wa treni, akasubiri. Mtu wa treni akaufunga mlango.

"Otilia yuko wapi?"

"Hakuja, Sista," mama alisema. "Nilikuandikia, labda barua haijafika. Tuliogopa njia. Ulisema hakuna magari, watu wanatembea tu."

Sista aliweka mkono mdomoni. "Magari hakuna, ndiyo. Lakini farasi wapo. Treni ipo. Sikuandika?" Alimgeukia kaka yake akasema kitu kwa lugha yao, kisha akaturudia. "Mimi nimezaliwa na hawa farasi, Mama Otilia. Sikufikiri kama ni jambo la kuandika."

Tukapanda kigari. Kaka yake Sista, ambaye hakujua Kiswahili, aliniona ni mtoto, akaniketisha pale pale palipoandaliwa, akaiinua miguu yangu yote miwili mizima na kuiweka juu ya ule mto.

Asubuhi yake Sista alitupeleka kwa fundi viatu, mzee mwenye aproni ya ngozi. Alikuwa ameshatoa kitabu chake cha vipimo na stuli ndogo. Kumbe walikuwa wamekubaliana amtengenezee Otilia kiatu kipya, chepesi, ampime mwenyewe na kumrekebishia mpaka aridhike. Sista alimweleza. Fundi akautazama mguu wangu, akafunga kitabu.

Nyumba ya wageni ilikuwa na dirisha linalotazama barabara kuu ya kijiji. Kila asubuhi ilisafishwa theluji na ilikuwa tambarare kabisa, hilo nalo halikuandikwa. Siku moja mama alisimama pale dirishani muda mrefu. Mzee wa fimbo mbili alikuwa anapita katikati ya barabara, polepole, akisimama kusalimiana na kila mtu, na wote walimsubiri.

"Angeweza," mama alisema. Hakusema na mimi. "Hapa angeweza kabisa."

Nilikuwa mezani, mkate mdomoni. Kama kulikuwa na wakati wa kusema, ulikuwa ule. Nilimeza mkate, nikafungua daftari, nikaweka alama kwenye jibini. Niliweka alama kwenye kila kitu. Ng'ombe walikuwa wamefungiwa zizini kwa ajili ya baridi na kengele zao zimetundikwa ukutani, lakini nazo niliziwekea alama.

Tuliporudi, Otilia alilikagua daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Njia ikoje kule?" aliniuliza.

"Mlima sana," nikasema. "Tulitembea mpaka miguu ikavimba."

Mama alikuwa chumbani anafungua mizigo. Sijui kama alisikia. Yeye naye hakuwahi kumtajia Otilia habari za farasi, nadhani kwa kumwonea huruma, na hivyo kimya chake kikaulinda uongo wangu bila yeye kujua.

Mama aliuchora mguu wa Otilia kwa penseli juu ya karatasi na kuituma kwa Sista. Kiatu kilikuja mwaka ukiwa karibu kwisha, kizuri, chepesi mkononi kama ndege. Mguu ulikuwa umekua. Otilia alikivaa Jumapili moja, akavumilia misa nzima, halafu akakirudisha kwenye boksi. Ndani ya boksi hilo Sista alikuwa ameweka picha: mama na mimi ndani ya kigari, ngozi ya kondoo, farasi akitoa mvuke puani, na miguu yangu juu ya mto. Otilia aliitazama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Farasi mzuri," alisema, akaiingiza kati ya kurasa za daftari.

Sista alifariki baada ya hapo, na tiketi nyingine hazikuja.

Otilia akawa fundi kama mama. Ana chumba chake cha kazi Mbinga mjini, ana mume na watoto wakubwa, na siku hizi ana fimbo mbili. Mama alipotuacha, nilikaa miezi kadhaa nikijiambia kwamba sasa hakuna atakayeumia. Nikapanda basi, nikaenda. Nilimkuta anashona pindo la sketi kwa mkono. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, akaniagizia chai.

"Dada," nikasema, "ile Jumamosi mama aliponiuliza."

"Ulimwambia sifiki kanisani." Hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Ulimwambia nakaa kwenye jiwe nalia."

"Nani alikuambia?"

"Nilikuwa kwenye kichanja, nachambua kahawa. Chini ya dirisha."

Nje watu walipita. Nilimuuliza kwa nini hakusema, siku ile, au Jumapili yake, au miaka yote hiyo.

Alishona mshono mmoja, akavuta uzi. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Jumapili nilingoja. Nilipokuwa nakunja mikono ya lile koti nilingoja, nikajua hapa atasema. Mpaka mnapanda basi. Mliporudi nikangoja tena. Halafu nikaolewa, mambo yakawa mengi, nikaacha kungoja."

"Nisamehe, dada."

"Nilikusamehe zamani, Koleta. Tulikuwa watoto."

Alikata uzi, akaikunja sketi juu ya mapaja yake, akailaza mikono yake juu ya kitambaa.

"Lakini nilitaka kwenda," alisema. "Nilitaka sana."